Mfupa uko Berlin, udongo uko Tunisia, msomaji yuko Katanika

Mtu wa Katanika anayetaka kujua kwa nini dinosauri walitoweka hana maktaba ya kwenda. Ana simu. Eneo hili la pembezoni mwa Kalemie lilijulikana nje ya jimbo la Tanganyika pale mapigano ya Batwa na Baluba ya 2016 na 2017 yalipoleta huku maelfu ya waliokimbia makwao, na mahali palipopokea watu kwa haraka namna hiyo, rafu za vitabu hazikuwa za kwanza kujengwa. Basi swali linaandikwa kwenye simu, kwa Kifaransa cha shule: dinosaures, Congo, disparition.

Majibu yanayorudi hayapatani. Anatokea Mokele-mbembe, mnyama wa mabwawa ya Likouala anayesemekana yu hai hadi leo, kwa hiyo swali lenyewe linaonekana limekosea. Inatokea video ya kimondo kikiteketeza dunia nzima kwa dakika tatu za muziki mzito. Ukurasa mwingine unasema ni volkeno za India, mwingine kwamba dunia haijatimiza hata miaka 10,000. Chini kabisa kuna makala ya kitaalamu ambayo mlango wake hufunguka kwa kadi ya benki tu. Mwanafunzi mwenye TP (kazi ya darasa) ya kukabidhi Jumatatu huchagua kilicho rahisi kunakili, na mwalimu anayesahihisha mara nyingi hana cha kumpingia.

Hapa yamefungwa maswali mawili katika kifurushi kimoja: nini kiliwaua dinosauri, na nani anastahili kuaminiwa anapolieleza hilo. Uchambuzi huu unalenga la pili. Lakini huwezi kupima mashahidi bila kujua kesi ni ya nini, wala bila kujua kila shahidi alisimama umbali gani na tukio. Kipimo hicho cha umbali kati ya msemaji na jiwe ndicho ninachodhani kinakosekana katika mkanganyiko wote huu.

Jiwe la Kalemie si la dinosauri

Tuanzie nyumbani, maana watu wengi hudhani kwamba nchi yenye ziwa kongwe na migodi ya makaa lazima iwe na mifupa ya dinosauri. Kando ya Lukuga, mto pekee unaotoa maji ya Ziwa Tanganyika kuelekea mto Kongo, kuna makaa ya mawe yaliyochimbwa enzi za Wabelgiji mahali walipopaita Greinerville, na ambapo wenyeji hupaita Makala. Jina limekaa vizuri: kwa Kiswahili cha Kongo makala ndiyo yanayoivisha ugali, ilhali kwa msomaji wa Dar es Salaam makala ni maandishi kama haya. Kwa somo letu maana zote mbili zinahitajika.

Makaa hayo ni ya kipindi cha Permi. Yaliwekwa wakati mabara ya kusini yalikuwa bado yameshikana, misitu ya mimea ya Glossopteris ikiota ambapo leo ni Afrika, India na Australia. Permi iliisha miaka milioni 252 iliyopita, kabla dinosauri wa kwanza hawajatokea. Kwa hiyo anayechimba Lukuga akitafuta dinosauri anachimba ghorofa ya chini mno. Anayetafuta ziwani yuko ghorofa ya juu mno, kwa sababu Ziwa Tanganyika, pamoja na ukongwe wake wote, hukadiriwa kuwa na umri wa takriban miaka milioni 9 hadi 12 tu, na dinosauri waliisha miaka milioni 66 iliyopita.

Kosa la kuchanganya makaa na dinosauri lina hata msaada wa historia. Mwaka 1878 wachimbaji wa makaa wa Bernissart, Ubelgiji, walikuta mifupa ya Iguanodon mita 322 chini ya ardhi, na mifupa hiyo ikawa fahari ya makumbusho ya Brussels. Habari ikienda mbio husikika hivi: mgodi wa makaa, dinosauri. Kumbe mifupa ile ilikuwa ndani ya udongo uliodidimia kwenye shimo lililotoboa matabaka ya makaa, udongo mchanga kuliko makaa yenyewe kwa zaidi ya miaka milioni 150. Chanzo kisichotaja tabaka, yaani kinachosema mfupa ulipatikana wapi bila kusema ulikuwa ndani ya jiwe gani, kimeacha nusu ya ushahidi njiani.

Wanachobishania wataalamu

Tarehe 6 Juni 1980 jarida la Science lilichapisha makala ya watu wanne wa Berkeley: mwanafizikia Luis Alvarez, mwanawe mjiolojia Walter Alvarez, na wanakemia Frank Asaro na Helen Michel. Walipima udongo mwembamba unaotenganisha matabaka ya mwisho ya Kretasia na yanayofuata. Huko Gubbio, Italia, wakakuta madini ya iridi yameongezeka mara 30 hivi kuliko kawaida. Huko Stevns Klint, Denmark, mara 160. Iridi ni adimu katika ganda la dunia lakini si adimu katika vimondo, nao wakakadiria kwamba kitu cha upana wa kilomita 10 hivi kilianguka toka angani, vumbi lake likaziba jua na mimea ikafa, ikifuatiwa na walaji wake.

Shimo lilikosekana kwa miaka kumi na zaidi. Mwaka 1991 timu ya Alan Hildebrand ilieleza kasoko ya Chicxulub iliyofukiwa chini ya rasi ya Yucatán, Meksiko, yenye upana wa kilomita 180 hivi. Glen Penfield na Antonio Camargo walikuwa wameshaiona katika vipimo vya kampuni ya mafuta na kuitangaza mwaka 1981, ila wachache waliwasikiliza. Mwaka 2016 mashine zilitoboa kasoko hiyo chini ya bahari na kutoa nguzo ndefu ya mawe yaliyoyeyuka na kuvurugika.

Upande wa pili unaelekeza kidole India. Mabamba ya lava ya Deccan, yaliyorundikana kwa mamia ya maelfu ya miaka kabla na baada ya mpaka ule, yalitoa gesi za kutosha kuvuruga hewa na bahari. Gerta Keller wa Princeton ameushikilia msimamo huu kwa miongo mingi. Mwaka 2004 yeye na wenzake walidai hata kwamba pigo la Chicxulub lilitangulia kutoweka kwa miaka 300,000 hivi. Ufaransa, sauti kubwa ya upande huo ilikuwa ya Vincent Courtillot.

Kuna na wa tatu, wasiobishana sana kuhusu muuaji bali kuhusu afya ya marehemu. Je, dinosauri walikuwa wameanza kupungua kabla ya siku hiyo? Utafiti wa 2016 wa Sakamoto, Benton na Venditti ulisema aina mpya zilikuwa zinazaliwa polepole kuliko zinavyokufa. Ule wa 2021 ulioongozwa na Fabien Condamine wa Montpellier ukaweka mwanzo wa upungufu karibu miaka milioni 76 iliyopita. Ule wa 2019 ulioongozwa na Alfio Chiarenza ulijibu kwamba katika Amerika ya Kaskazini kinachoonekana kupungua ni mawe ya kuhifadhi mifupa, si wanyama wenyewe.

Mizani imelalia wapi? Mwaka 2010 wanasayansi 41 waliandika pamoja katika Science kwamba Chicxulub ndiyo iliyosababisha kutoweka. Mwaka 2020 timu ya Pincelli Hull ilitenganisha joto lililoletwa na gesi za Deccan na wakati wa vifo, ikaona kwamba sehemu kubwa ya gesi hizo ilitoka mapema mno kuwa muuaji. Kwa maoni yangu hoja ya kimondo ina nguvu zaidi kwa sababu ina shimo, ina tarehe, na ina udongo wenye alama ileile Italia, Denmark, Nyuzilandi na Afrika. Anayeandika leo kwamba “haijulikani kabisa” anadanganya kwa unyenyekevu. Lakini anayeandika kwamba Deccan haikuhusika kwa lolote anaruka mbele ya ushahidi.

Makala yenye mlango

Sasa turudi kwa mashahidi. Walio karibu zaidi na jiwe ni makala za kitaalamu, zile zilizosomwa na kukosolewa na wataalamu wengine kabla ya kuchapishwa. Ubora wake mkuu ni kwamba makala huonyesha njia yake: sampuli ilitoka wapi, ilipimwa kwa chombo gani, kosa la kipimo ni kiasi gani. Unaweza kugombana nayo. Video haikuachii mahali pa kushika.

Udhaifu wake hautajwi mara nyingi, nao si bei peke yake. Chukua toleo la Science la tarehe 22 Februari 2019. Ndani ya toleo hilohilo kuna makala mbili juu ya umri wa lava za Deccan. Timu ya Blair Schoene ilipima chembe za zirkoni kwa saa ya urani na risasi, ikakuta milipuko ya vipindi vinne, kimoja kikubwa kikitangulia kutoweka kwa makumi ya maelfu ya miaka. Timu ya Courtney Sprain ilipima lava kwa saa ya arigoni, ikasema sehemu kubwa ya lava ilitoka baada ya mpaka. Zote ni kazi za uhakika, na kila moja ikisomwa peke yake itampeleka mwanafunzi njia tofauti. Aliyepakua moja atadhani ameshika jibu, kumbe ameshika hoja ya upande mmoja katika kesi inayoendelea. Ile makala ya watu 41 nayo ilijibiwa ndani ya miezi michache na barua za wapinzani, Keller na Courtillot wakiwemo, na barua hizo hazitokei kwenye simu usipozitafuta kwa makusudi.

Mfano bora wa jambo hili unatoka barani kwetu. El Kef, Tunisia, ndiyo mahali ambapo wajiolojia wa dunia walipakubali rasmi mwaka 1991 kuwa kielelezo cha mpaka kati ya Kretasia na kipindi kilichofuata. Katika udongo wa El Kef, Keller aliona viumbe vidogo vya baharini, foraminifera, vikitoweka kwa hatua. Jan Smit wa Amsterdam aliona vikitoweka kwa mpigo. Kumaliza ubishi, sampuli zilichukuliwa upya, zikaondolewa alama za tabaka, zikapelekwa kwa wachunguzi wanne wasiojua ipi ni ya juu na ipi ya chini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997. Kila upande uliyasoma, na kila upande ukatangaza kwamba yanauunga mkono!

Hiyo si aibu ya sayansi. Kiumbe adimu huweza kukosekana katika sampuli za mwisho kabla hakijafa, kwa sababu tu ni adimu, na hapo kifo cha ghafla kitaonekana kama cha polepole. Suala lilikuwa namna ya kuhesabu kukosekana, na jumuiya ya wataalamu kwa sehemu kubwa imeelemea usomaji wa Smit. Lakini msomaji anajifunza kwamba hata makala iliyo bora kabisa huhitaji jirani yake.

Kuhusu mlango wenyewe, hali si mbaya kama inavyosemwa. PLOS ONE na Nature Communications ni bure kwa yeyote. Jarida la PNAS, lililochapisha sehemu kubwa ya ubishi huu, hufungua makala zake baada ya miezi sita. Hifadhi ya Kifaransa iitwayo HAL ina nakala ambazo watafiti wenyewe wameziweka wazi. Mpango wa Research4Life huzipa taasisi za nchi kama Kongo ruhusa ya kusoma maelfu ya majarida, ila ruhusa hiyo hupitia taasisi, si mtu binafsi. Kwa hiyo mwanafunzi wa Katanika hutegemea chuo cha Kalemie au cha Lubumbashi kijisajili na kimgawie neno la siri. Kinachobaki kigumu ni lugha. Karibu ubishi wote uko kwa Kiingereza, na anayesoma kwa Kifaransa na kufikiri kwa Kiswahili anavuka mito miwili kabla hajaifikia hoja.

Vitabu vya Kifaransa na umri wao

Hapo ndipo vitabu vinapookoa. Kitabu cha Courtillot, La vie en catastrophes, kilitoka mwaka 1995. Kile cha Walter Alvarez kimefasiriwa kwa Kifaransa. Eric Buffetaut, mtaalamu wa visukuku wa Ufaransa, aliandika La fin des dinosaures mwaka 2003. Faida ya kitabu ni kwamba kinasimulia kesi nzima kwa mpangilio, tangu swali lilipozaliwa hadi lilipofika.

Hasara ni mbili. Alvarez na Courtillot ni wahusika wa ugomvi, si waamuzi, na ukisoma mmoja bila mwingine umesikiliza mlalamikaji umeacha mshitakiwa. Buffetaut yuko mbali kidogo na ulingo, naye namwona salama zaidi kwa mwanafunzi anayeanza. Hasara ya pili ni umri: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kujua uchimbaji wa 2016 au vipimo vya 2019. Kitabu cha zamani si kibovu. Kinaeleza vizuri swali na kinachelewa kwenye jibu.

Umri wa chanzo huonekana hata kwenye herufi. Maandishi ya zamani huita mpaka ule K-T, K ikitoka kwenye jina la Kijerumani la chaki, Kreide, na T ikiwa ya Tasiari. Wajiolojia waliacha jina rasmi la Tasiari, sasa huandika K-Pg, Pg ikiwa ya Paleojini. Anayetafuta kwa Kifaransa aandike yote mawili, limite K-T na limite Crétacé-Paléogène, la sivyo atakosa nusu ya maandishi.

Simu, na vitu inavyovitunga

Ensaiklopidia ya Wikipedia inadharauliwa na maprofesa na kusomwa na maprofesa haohao. Ukurasa wake wa Kifaransa juu ya kutoweka kwa Kretasia ni mrefu na wenye vyanzo. Wa Kiswahili juu ya dinosauri ni mfupi kwa sasa. Thamani yake kubwa iko chini ya ukurasa, kwenye orodha ya marejeo, ambako msomaji anaweza kuruka kutoka muhtasari hadi makala yenyewe. Na kwa programu ya Kiwix ensaiklopidia nzima ya Kifaransa huweza kubebwa kwenye kadi ya kumbukumbu na kusomwa bila mtandao, jambo lenye maana kubwa mahali ambapo mega za mtandao huisha kabla ya mwezi.

Programu mpya za kujibu maswali ni jambo tofauti. Huandika Kifaransa safi, hueleza haraka, hufasiri vizuri kiasi. Lakini ukiziomba vyanzo huweza kutunga jina la makala, jina la mwandishi wa kweli, mwaka unaofaa, na jarida linalojulikana, vyote vikiwa vya makala isiyokuwepo. Chanzo cha uongo chenye sura ya kweli ni hatari kuliko kukosa chanzo, kwa sababu mwalimu asiye na mtandao hawezi kukigundua. Dawa ni rahisi: makala ya kweli ya miaka ya karibuni ina namba ya DOI, na namba hiyo ikiandikwa kwenye kivinjari lazima ifungue ukurasa wa makala ileile.

Video zina kasoro nyingine. Mwaka 2022 Uisdean Nicholson na wenzake walitangaza kasoko ya Nadir chini ya bahari mbali na pwani ya Gine, yenye upana wa karibu kilomita 9, na vichwa vya habari vikapiga kelele kwamba kimondo cha pili kiliwaua dinosauri. Kilichoandikwa na watafiti kilikuwa na tahadhari: umri uko karibu na mpaka, lakini haujabanwa, na kitu kilichochimba kasoko ya kilomita 9 ni kidogo mno mbele ya kile cha Chicxulub. Kati ya makala na kichwa cha habari, neno “huenda” lilidondoka barabarani.

Mokele-mbembe na mimbari

Mnyama wa Likouala anastahili aya yake, kwa sababu ndiye anayemkuta kwanza mtu anayeunganisha maneno Kongo na dinosauri. Ziwa Télé, anakosemekana kuishi, liko Kongo-Brazzaville, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Kalemie. Roy Mackal, mwanabiokemia wa Chicago, alikwenda huko 1980 na 1981, kisha akaandika kitabu. Marcellin Agnagna, mtaalamu wa wanyama wa Kongo, alisema alimwona mwaka 1983, ila hakuleta picha ya kuthibitisha. Safari nyingi baadaye, hakuna mfupa, hakuna jino, hakuna kinyesi. Kabla yao, mwaka 1932, dunia ilisimuliwa mjusi mkubwa wa Kasai aliyepigwa picha, na picha zikaonekana wazi kuwa za kubandika.

Simulizi hizi zina thamani kama chanzo cha jambo jingine, yaani namna wageni walivyotaka Kongo iwe: nchi ambayo wakati umesimama. Wenyeji wa Likouala wana haki ya hadithi zao za mtoni. Waliozigeuza kuwa dinosauri ni wengine, na waliuza vitabu.

Mimbari ni suala lenye heshima zaidi. Wahubiri wengine husoma umri wa dunia kwenye vizazi vya Biblia na kufika miaka 6,000 hivi. Makanisa mengine, likiwemo Katoliki, hayafungi imani kwenye hesabu hiyo. Kwa mwandishi wa TFC (kazi ya kumaliza mzunguko wa masomo ya chuo), jambo la kuangalia ni aina ya ushahidi. Andiko linashuhudia juu ya Muumba na watu wake. Halikupima zirkoni wala halikudai kupima. Kulitaja kama chanzo cha umri wa lava ni kulitwisha mzigo lisiouomba.

Afrika inashuhudia nini hasa

Hapa ndipo vyanzo vingi vinapomdanganya msomaji wa Kiswahili bila kukusudia. Afrika Mashariki ni tajiri wa dinosauri, na utajiri huo hauhusu mwisho wao.

Tendaguru, kaskazini-magharibi ya Lindi, Tanzania, ilichimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, Werner Janensch na Edwin Hennig wakiongoza, na mamia ya Waafrika wakichimba na kubeba mifupa kwa kichwa hadi bandarini. Msimamizi wao, Boheti bin Amrani, jina lake liliingia katika sayansi mwaka 2007 tu, pale dinosauri mmoja alipoitwa Australodocus bohetii. Mifupa ilikwenda Berlin, ambako Giraffatitan amesimama kwa urefu wa mita 13 na zaidi. Lakini mawe ya Tendaguru yana umri wa miaka milioni 150 hivi. Kati ya mifupa hiyo na kimondo kuna miaka milioni 84, muda mrefu kuliko ule kati ya kimondo na sisi. Anayetaja Tendaguru kueleza kutoweka anamwita shahidi aliyekufa kabla ya tukio.

Bonde la Rukwa, ng'ambo ya ziwa kutoka Kalemie na kusini kidogo, limetoa majina yanayosomeka kwa Kiswahili bila kamusi: Rukwatitan mwaka 2014, Shingopana mwaka 2017, na Mnyamawamtuka moyowamkia mwaka 2019, mnyama wa mto Mtuka mwenye mfupa wa mkia wenye umbo la moyo. Makala ya huyu wa mwisho iko PLOS ONE, bure. Ni chanzo kizuri kabisa cha kumfundisha mwanafunzi jinsi dinosauri anavyoelezwa, na hao nao ni wa Kretasia ambayo bado iko mbali na mwisho.

Kwa miaka ya mwisho kabisa, Afrika ina mashahidi wachache wa nchi kavu. Migodi ya fosfeti ya Moroko ilitoa Chenanisaurus, mla nyama aliyetangazwa mwaka 2017, kutoka tabaka la karibu sana na mpaka. Kongo yenyewe, visukuku vinavyojulikana zaidi vya enzi za dinosauri ni samaki wa mawe ya kuzunguka Kisangani na bonde la kati, walioelezwa katika miaka ya 1950 na 1960, na vielelezo viko katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji.

Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba dinosauri wa dunia nzima walikufa kwa wakati mmoja, ushahidi wa nchi kavu umetoka kwa sehemu kubwa Amerika ya Kaskazini, hasa miamba ya Hell Creek. Afrika inathibitisha mpaka kupitia bahari ya El Kef, si kupitia mifupa ya dinosauri. Madai ya dunia nzima huenda ni ya kweli, nami nadhani ni ya kweli, lakini yanasimama juu ya bara moja zaidi ya vile vitabu vya shule vinavyokiri.

Na kuna kasoro ndogo ya lugha: kwa wataalamu, ndege ni tawi la dinosauri. Kuku anayechakura uani Katanika ni ukoo huo. Ndiyo maana makala makini huandika “dinosauri wasio ndege”, na chanzo kisichofanya tofauti hiyo mahali popote huwa kimeandikwa bila kusoma wenzake.

Ukipima kwa mfuko wa Katanika

Kushauri kwamba mwanafunzi wa Katanika asome makala za kitaalamu pekee ni kumpa ushauri wa mtu mwenye maktaba. Kumwachia simu na video ni kumdharau. Njia ya kati ina gharama pia: mwalimu mmoja, au karani wa chuo, alipe mega mara moja na kupakua vichache vilivyochaguliwa kwa makusudi kwa kuwa vinapingana, kisha vipitishwe kwa kadi ya kumbukumbu kutoka simu hadi simu. Makala ya 1980 na ile ya 2010 pamoja na barua zilizoijibu. Zile mbili za Februari 2019, kamwe si moja. Mnyamawamtuka, ili darasa lione jina la Kiswahili katika jarida la dunia. Kiwix ya Kifaransa kwa kila kilichobaki. Hapo wanafunzi wataweza kubishana kwa karatasi, na mwalimu atakuwa na cha kusahihishia.

Kwa wa chuo kikuu ningependekeza jambo jingine: kubadili swali. TFC kuhusu kimondo cha Meksiko, ikiandikwa Kalemie, itakuwa muhtasari wa muhtasari, kwa kuwa mwandishi hawezi kugusa jiwe hata moja la kesi hiyo. Lakini kabla ya maangamizi ya dinosauri kulikuwa na makubwa zaidi, yale ya mwisho wa Permi, na makaa ya Lukuga yaliwekwa katika dunia ile iliyokuja kuangamia. Paul Fourmarier wa Liège alichapisha uchunguzi wake wa bonde hilo la makaa mwaka 1914, katika jarida la chama cha jiolojia cha Ubelgiji ambalo Chuo Kikuu cha Liège kimeliweka wazi mtandaoni. Ni la bure, ni la Kifaransa, na miamba linayoieleza iko mwendo mfupi kutoka mahali msomaji anapochaji simu yake.